Pengo kati ya maji ya zamani na maji mapya

Ndugu mwenyekiti, wafugaji wenzangu wa samaki, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Niliomba kila atakayekuja leo abebe chupa mbili ndogo za maji: moja kutoka kwenye tangi lake, nyingine kutoka kwenye bomba au kisima anachotumia kujazia tangi hilo. Naona wengi mmezibeba. Ziwekeni chini ya viti kwanza, tutazihitaji.

Nianze na Jumamosi moja ambayo sijaisahau. Nilikuwa na tangi la lita 120 lililokuwa limetulia kwa muda mrefu. Kisha kazi ikanizidi, na kwa miezi 5 hivi nikawa nafanya jambo moja tu: maji yakipungua kwa kukauka, naongeza. Samaki walikula vizuri, rangi zao zilikolea, maji yalikuwa na umanjano kidogo lakini unaona mpaka kioo cha nyuma. Siku hiyo nikapata nafasi, nikasema leo niwafanyie hisani. Nikafyonza nusu nzima ya maji, nikasugua vioo, nikasafisha changarawe, nikajaza maji ya bomba niliyokwisha kuyatia dawa ya kuondoa klorini na kuyapima joto. Kila nilichofundishwa nilikifanya. Nilivuta kiti nikakaa kulitazama tangi, nimeridhika.

Baada ya saa mbili samaki wote walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, matamvua yakipiga haraka haraka. Wengine walikuwa wanajisugua kwenye mawe kama wanaowashwa. Nilidhani hewa imepungua, nikaongeza pampu. Kulipokucha nilikuwa nimetoa samaki 9 kwa wavu, na waliotangulia kufa ni wale wakubwa niliowalea tangu wakiwa hawazidi ukucha wa kidole.

Nawasimulia haya kwa sababu karibu kila mfugaji niliyewahi kuzungumza naye ana siku yake kama hiyo, na wengi hutoka nayo na fundisho baya. Husema maji mapya yanaua samaki. Basi huanza kuyaogopa, huchelewa zaidi kubadilisha, na safari inayofuata msiba huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Mimi nawaambia samaki wangu waliuawa na pengo lililokuwepo kati ya maji ya tangini na maji ya bomba siku ile. Na pengo hilo nilikuwa nalichimba mwenyewe kwa miezi 5, kidogo kidogo, bila kuliona.

Linachimbwaje? Samaki hutoa amonia, nyingi yake ikipitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki kikioza, amonia tena. Kwenye chujio na kwenye changarawe kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Hapo hamna mgeni, ni somo la kwanza la kila anayeanza kufuga. Kisichosemwa mara nyingi ni gharama ya kazi hiyo. Bakteria wakiigeuza amonia, maji huingia tindikali, na tindikali hiyo hula bikabonati iliyoyeyuka majini. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inapogeuzwa mpaka kuwa nitrati, maji hupoteza uwezo wa kuzima tindikali unaolingana na miligramu 7 hivi za chokaa. Bandu bandu huisha gogo. Bikabonati hiyo inayoliwa ndiyo tunayoipima tukisema KH.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Wafugaji wengi wana kipimo cha pH, yaani cha ukali wa tindikali majini (namba ikishuka, tindikali imezidi), na hawana cha KH. pH ni kama chombo kilichotia nanga, na KH ndiyo nanga. Nanga ikiwa imara, mawimbi yatakitikisa chombo lakini utakikuta pale pale. Ukikitazama chombo peke yake, huwezi kujua kamba ya nanga imebaki nyuzi ngapi. Kwa miezi mingi pH ya tangi langu huenda ilisimama bila kuonyesha dalili yoyote huku KH ikitafunwa chini yake. Nyuzi zilipokwisha, pH ikaporomoka kwa muda mfupi.

Kipimo cha KH ni rahisi kuliko vyote. Unachukua kichupa cha kioo, unatia mililita 5 za maji, halafu unadondosha dawa tone moja moja huku ukitikisa na kuhesabu. Kwenye vipimo vingi vya matone, maji huanza kuwa ya buluu, na tone litakaloyageuza kuwa ya manjano ndilo hesabu yako: matone 6, KH digrii 6. Siku ya pili ya msiba wangu ile ndoo ya maji ya zamani bado ilikuwa uani, nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kumwagilia miche. Nikachukua mililita 5. Tone la kwanza lilipoingia tu, maji yakawa manjano. Sikuamini, nikaosha kichupa, nikarudia. Tone moja, manjano. Nikaenda bombani. Tone la kwanza buluu, la pili buluu, la tano buluu, la saba buluu, la nane ndipo likageuka. Kisha nikapima pH. Ya ndoo ilikuwa kwenye rangi ya mwisho kabisa ya kadi, 6.0, na bila shaka ilikuwa chini ya hapo, kadi ndiyo iliyoishia. Ya bomba ilikuwa 7.8.

Mkumbuke pH haihesabiwi kama kilo. Mdenmarki Søren Sørensen alipoibuni mwaka 1909, aliipanga ili kila hatua moja iwe tofauti ya mara 10. Maji ya pH 6 yana tindikali mara 10 ya maji ya pH 7, na mara 100 ya maji ya pH 8.

Lakini si tofauti hiyo peke yake iliyoniumiza. Ndoo ile ile niliipima amonia, nikakuta miligramu 2 kwa lita. Bakteria wanaoila amonia huzorota sana pH ikishuka kuelekea 6, na KH ikiisha hukosa kaboni wanayoihitaji kujijenga. Kwa hiyo chujio langu lilikuwa linazunguka, maji yanapita, na kazi haifanyiki. Sasa mbona samaki walikuwa wanakula vizuri ndani ya amonia hiyo? Kwa sababu amonia majini ina sura mbili. Kwenye maji ya tindikali karibu yote hushikwa ikawa amoniamu, ambayo haimdhuru samaki kwa wepesi. Kwenye maji ya alkali sehemu yake huachiliwa ikawa amonia huru, na hiyo ndiyo inayounguza matamvua. Kwenye nyuzi joto 25, pH 6, amonia huru haifiki hata sehemu 1 kati ya 1,000. Kwenye pH 7 ni zaidi kidogo ya nusu asilimia. Kwenye pH 8 inapita asilimia 5.

Haya, tufanye hesabu ya Jumamosi yangu. Asubuhi amonia yote ilikuwa miligramu 2 kwa lita, pH 6: amonia huru ilikuwa kama miligramu 0.001. Nikatoa nusu ya maji, kwa hiyo nikatoa na nusu ya amonia, ikabaki miligramu 1. Ukitazama hapo utanipongeza. Ila maji ya bomba yalileta KH, pH ikapanda mpaka 7.6, na kwenye 7.6 asilimia 2 na kidogo ya amonia huwa huru. Ikawa miligramu 0.022. Nimepunguza amonia kwa nusu, na sumu imeongezeka mara 20 ndani ya mchana mmoja. Wale samaki waliokuwa wakitweta juu hawakuwa wamekosa hewa majini. Matamvua yao yalikuwa yanaumia, kwa sumu hiyo pamoja na kuruka kwa ghafla kwa pH na madini.

Ndiyo maana pia mtu hununua samaki wapya, akawatia kwenye tangi lake la siku nyingi, wakafa wiki hiyo hiyo huku wenyeji wazima. Lawama humwendea muuzaji. Wenyeji walishuka na maji hayo polepole, mwezi hata mwezi, miili yao ikajizoesha. Mgeni ametumbukizwa humo kwa dakika 20. Ukiona wageni wanakufa na wenyeji wanaishi, pima KH kabla hujamlaumu mtu.

Imani ya kwamba maji ya zamani ndiyo bora ina historia ndefu, na sitaki kuidharau. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London aliwaeleza wanakemia wenzake jinsi alivyofuga samaki dhahabu pamoja na mimea ya maji na konokono, mimea ikiwapa samaki hewa na konokono wakila majani yaliyooza, bila kulazimika kubadilisha maji kila mara kama ilivyokuwa desturi. Lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo samaki wa ndani walikuwa wakifa kwa kukosa hewa. Ila somo hilo likapokezana mikononi mpaka likawa amri: tangi lililokamilika haliguswi. Sisi tunajaza samaki wengi kuliko aliokuwa nao Warington, na tunawalisha kila siku. Chakula kinaingia kila siku, na kinachotoka ni maji tu yanayopaa hewani. Maji yakikauka, madini hubaki. Ukiongezea maji ya bomba mahali pa yaliyokauka, umeongeza madini mengine juu ya yale. Kuongeza maji na kubadilisha maji ni kazi mbili tofauti kabisa.

Sasa nisije nikawatia hofu ya pH kupita kiasi, maana hofu hiyo nayo imeua samaki wengi. Watu wenye matangi ya mimea yanayotiwa hewa ukaa hushusha pH karibu hatua nzima kila asubuhi, ikapanda tena usiku wakizima gesi, na samaki wao huzaa humo. Kwenye mabwawa yenye mimea mingi pH hupanda mchana na kushuka usiku, siku zote. Kwa nini hao hawafi? Kwa sababu kinachobadilika hapo ni gesi peke yake. Madini hayajaguswa, na amonia, bwawa likiwa na afya, haipo.

Samaki wa mito na maziwa ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka. Maji humwingia muda wote kupitia matamvua, naye hukojoa mkojo mwingi mwepesi kuyatoa, huku matamvua yakivuta chumvichumvi kutoka majini kuzirudisha mwilini. Kazi hiyo haisimami usiku wala mchana. Ukimtoa ghafla kwenye maji yenye madini mengi ukamtia kwenye maji matupu, au kinyume chake, unaivuruga mitambo yake yote kwa mara moja, na mwili huhitaji siku kadhaa kuipanga upya. Kwa hiyo pH inapocheza, swali la kwanza liwe: nini kimeisogeza? Kama ni gesi, tulia. Kama ni madini yamehama, hapo kuna kazi.

Na kwa sababu hiyo hiyo nawasihi, ile chupa ya kushushia pH iondoeni kwenye kabati. Ni tindikali. Ukiidondosha, inakula KH. KH iliyobaki inapambana, na kesho pH imerudi ilipokuwa. Unadondosha tena. Samaki anapandishwa na kushushwa kila siku kwa ajili ya namba ambayo hakuiomba. Siku KH itakapoisha, tone lile lile ulilozoea kutia litaiporomosha pH yote. Samaki wengi tunaofuga huishi vizuri kwenye pH yoyote kuanzia 6.5 hadi 8, mradi imetulia. Wapo wa kipekee: samaki aitwaye kadinali, wa mto Rio Negro wa Amerika Kusini, hutoka kwenye maji meusi, laini mno, yenye pH ya 4 hadi 5, na samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea pH inayokaribia 9. Hao utawaandalia maji yao nje ya tangi, kwenye pipa, kwa kuchanganya maji yaliyochujwa madini au kwa kuongeza chumvi zinazofaa. Utayaingiza yakiwa tayari. Usiyatengenezee tangini samaki wakiwa ndani.

Basi pengo linazibwaje? Kwa kutolipa nafasi. Chukueni mfano wa tangi linalopoteza KH digrii 1 kila wiki, na bomba lenye KH 8. Anayebadilisha robo ya maji kila wiki atafika mahali ambapo KH yake huwa 4 kabla ya kubadilisha na 5 baada ya kubadilisha. Itacheza humo, 4 na 5, mwaka hata mwaka. Jirani yake husubiri wiki 4, akidhani atafidia kwa kubadilisha nusu nzima. Yeye KH yake itafika 0 kabla ya kubadilisha, na kuruka mpaka 4 siku ile ile. Matangi mawili ya namna moja, samaki wa namna moja, bomba moja. Mmoja hupandishwa digrii 1 kwa wiki, mwingine hupigwa digrii 4 kwa saa moja, tena akiwa amefika ukingoni.

Nitrati nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Tuseme tangi linazalisha miligramu 10 kwa lita kila wiki, na bomba halina nitrati. Ukibadilisha asilimia 10 kila wiki, nitrati itapanda polepole mpaka ikaribie 100 ndipo itulie. Ukibadilisha asilimia 25, itatulia kwenye 40. Ukibadilisha nusu kila wiki, 20. Hesabu ni kugawa tu: kinachoongezeka kwa wiki, gawa kwa sehemu unayoitoa. Nimewaona watu wakibadilisha ndoo moja kila Jumapili kwa uaminifu wote, na bado wanashangaa nitrati haishuki. Haiwezi kushuka, ndoo yao ni ndogo kwa tangi lao.

Anayebadilisha maji mengi mara kwa mara tangi lake hufanana na bomba lake. Huyo akitoa hata nusu ya maji samaki hawashtuki, maana maji yanayoingia ni yale yale wanayoyajua. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "usizidishe asilimia 20" na mwingine anasema "mimi hutoa 60 kila wiki", wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Muulizeni kila mmoja pengo lake ni kiasi gani.

Dada aliyeketi safu ya mbele aliniuliza kabla hatujaanza: "Kaka, tangi nimeachiwa na ndugu yangu, halijabadilishwa maji karibu mwaka. Nianzie wapi?" Dada, usianze na mpira wa kufyonzea. Anza na vipimo. Pima KH, pH na amonia ya tangi, kisha pima KH na pH ya bomba. Pengo likiwa dogo, endelea kama kawaida. Likiwa kubwa, badilisha asilimia 10 kwa siku. Kila asilimia 10 hupunguza pengo kwa sehemu moja ya kumi: baada ya siku 7 limebaki karibu nusu, baada ya siku 14 limebaki chini ya robo. Kama amonia inaonekana, tumia dawa inayoifunga, na punguza chakula. Siku hizo chujio usilioshe na changarawe usiiguse, acha bakteria waamke KH inaporudi. Na kitu kimoja kikubwa: usikimbilie kuipandisha KH kwa soda ya kuokea kwa haraka. Soda hiyo, yaani bikabonati ya sodiamu, inafaa sana mahali pake. Gramu 3 kwenye lita 100 huongeza KH digrii 1. Lakini ukiitia kwa kijiko kwenye tangi lenye tindikali na amonia ndani, utakuwa umefanya kile nilichofanya mimi Jumamosi ile, bila hata kubadilisha maji. Na isichanganywe na soda ya kufulia, ile ni kali mno.

Kama maji ya bomba lako yenyewe ni laini, KH 1 au 2, kubadilisha tu hakutakuokoa. Tia soda kwenye maji mapya kabla ya kuyaingiza, kwa kipimo kile kile kila mara, au weka vipande vya matumbawe vilivyosagwa ndani ya chujio. Chokaa yake huyeyuka pole pole maji yakianza kuelekea kwenye tindikali. Mimi nikiona KH imefika 3 huanza kuchukua hatua, sisubiri 1.

Kuhusu maji ya bomba na kisima. Yakitoka tu, hasa ya kisima, huwa yamebeba hewa ukaa, na pH yake hudanganya. Jaza glasi, pima papo hapo, iache wazi siku nzima, upime tena. Unaweza kukuta 7.0 imekuwa 7.8. Ile ya pili ndiyo pH utakayoishi nayo tangini. KH haibadiliki kwa kukaa kwenye glasi, sababu nyingine ya mimi kuiamini zaidi. Rudieni kipimo cha bomba mara kwa mara, kwani chanzo cha maji kinaweza kubadilishwa au mvua kubwa ikayafanya maji kuwa laini, nawe usipate habari.

Klorini hupungua maji yakilazwa usiku mmoja wazi na kutiwa mapovu na pampu ya hewa, maana ni gesi. Kloramini haiondoki hivyo. Hiyo ni klorini iliyofungwa pamoja na amonia ili idumu kwenye mabomba. Dawa ya thiosalfeti, ile ya kawaida ya kuondoa klorini, ikiivunja, klorini inakufa na amonia inabaki. Kwenye tangi lenye chujio zima bakteria wataimaliza. Lakini kwenye maji ya pH 8 na kuendelea, hata hiyo kidogo huuma kabla hawajaimaliza, kwa hiyo tafuteni dawa inayofunga na amonia pia. Anayejaza kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani atie dawa kwanza, kipimo cha tangi zima, siyo cha maji anayoongeza tu.

Joto lisipishane zaidi ya nyuzi 1 au 2. Maji baridi hubeba gesi nyingi. Yakipashwa joto tangini huziachia, ndiyo yale mapovu madogo madogo mnayoyaona yakishika kwenye vioo na kwenye mapezi ya samaki. Yakizidi, gesi humtengenezea samaki mapovu ndani ya mwili. Maji yaliyolala kwenye pipa na pampu ya hewa hayana shida hiyo. Zimeni hita kabla maji hayajashuka, isije ikapasuka ikiwa nje. Sponji za chujio zioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, na isiwe siku moja na kazi nyingine kubwa.

Wenzetu wa maji ya chumvi nina neno moja kwao. Chumvi ichanganywe kwenye pipa, na pampu ikizunguka na hita ikiwaka, mpaka maji yawe maangavu na kipimo cha chumvi kisome sawa na cha tangi, sehemu 35 kwa 1,000 kwa walio wengi. Pimeni na alkali, yaani KH, ya mchanganyiko mpya kabla ya kuumimina. Kuna chumvi zinazotoka na digrii 11, na kama tangi lenu la matumbawe limezoea 7, robo ya maji hayo itaipandisha digrii 1 nzima kwa mara moja. Ncha za matumbawe zikianza kuungua, mtatafuta ugonjwa ambao haupo.

Mimi sasa nina daftari kando ya tangi. Kila Jumapili kabla ya kufyonza naandika mambo matatu: KH ya tangi, KH ya bomba, joto. Hainichukui dakika 5. Tangu niwe na daftari hilo nimewahi kukuta pengo la digrii 3 mara mbili, na mara zote mbili nilibadilisha maji kidogo kidogo kwa siku nne badala ya mara moja. Sikupoteza samaki hata mmoja.

Sasa toeni chupa zenu. Mezani kuna vichupa vya kioo, dawa ya KH na karatasi. Andikeni namba mbili, ya tangi na ya bomba, mtoe moja kwenye nyingine. Dada wa safu ya mbele, njoo wewe kwanza. Hesabu matone kwa sauti, tusikie wote.